Safari ya Siku Tano na Ngamia Kaskazini mwa Kenya: Mwongozo Kamili kwa Msafiri Anayetoka Goma

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu ya tatizo moja linalojirudia. Vijana wa Goma wenye miguu imara, waliokwisha kupanda Nyiragongo hadi kwenye ukingo wake ulio kiasi cha mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, hufika kaskazini mwa Kenya wakiwa na hamu ya kuvuka nyika pamoja na ngamia, kisha safari yao hukatika siku ya pili au ya tatu. Maji huwaishia, au ngamia hugoma kuinuka, au mmoja wao huanza kutapika na kuyumba kwa joto, na kundi zima hulazimika kurudi barabarani.

Miguu yao haina kasoro. Kasoro iko kwenye mpango. Nyiragongo, ulipokuwa wazi kwa wapandaji, ulipandwa kwa kuhesabu mwinuko: uliondoka Kibati, chini ya mlima, kama saa nne asubuhi, ulifika juu kabla ya giza, ulilala, kesho yake ulishuka. Nyikani saa nne asubuhi ndiyo saa ya kuanza kutafuta kivuli. Huko mambo mawili huamua mengine yote, yaani lita za maji kati ya kisima na kisima, na saa ambazo ngamia anaachwa ale. Kilomita hupangwa baada ya hayo mawili kujulikana, kamwe si kabla yake.

Jambo jingine lieleweke mapema. Katika safari za namna hii ngamia hubeba mizigo, nawe unatembea kando yake kwa sehemu kubwa ya njia. Kumpanda ni nafuu ya aliyechoka au aliyeumia mguu. Anayetaka kukaa juu ya mgongo wa ngamia siku tano mfululizo aseme hivyo tangu wakati wa mapatano, kwa maana atahitaji mnyama wa ziada aliyezoezwa kubeba mtu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Vingi hupatikana Goma, hasa Birere na soko la Virunga, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri maduka ya Nairobi.

Maji
- Bidoni za lita 20 zenye vifuniko vinavyofunga kabisa. Zijaribu nyumbani kwa kuzilaza ubavu usiku kucha zikiwa zimejaa. Bidoni inayovuja tone moja moja itakuwa imepungua sana baada ya siku ya kuyumba mgongoni mwa ngamia. Bidoni iliyowahi kubeba mafuta ya gari isitumike hata ikioshwa.
- Chupa mbili au tatu za lita moja kwa kila mtu, za kubeba mwenyewe.
- Vidonge vya kusafisha maji, pamoja na kitambaa safi cha kuchuja mchanga.
- Pakiti za chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikikosekana, beba sukari na chumvi: vijiko sita vidogo vya sukari iliyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja ya maji safi.

Mavazi
- Mashati mepesi ya pamba yenye mikono mirefu na suruali pana. Mkono uliofunikwa hupoteza maji polepole kuliko mkono ulio wazi.
- Kitenge kimoja kirefu cha kufunga kichwa, shingo na mdomo.
- Viatu vyepesi vinavyopitisha hewa, lakini vyenye soli ngumu. Miiba ya migunga hupenya soli laini bila shida. Mabuti ya mpira tunayovaa kwenye matope ya mlimani yaache nyumbani, kwa kuwa hupika miguu.
- Miwani ya jua na blanketi jepesi.

Mizigo
- Mifuko miwili laini yenye uzito unaolingana kwa kila msafiri, jumla isizidi kilo 12. Masanduku magumu humchubua ngamia na hayakubaliwi na wachungaji wanaojali wanyama wao.
- Mfuko mdogo wa mgongoni wa maji, dawa, hati na fedha.
- Tochi ya kichwa, chandarua, plasta za miguu, betri ya kuchajia simu.

Chakula
- Unga wa ugali, mchele, dengu, chai, sukari, tende, karanga.
- Fromaji (jibini) ya Masisi, ambayo hustahimili siku mbili za mwanzo ikifungwa kwenye kitambaa kisichobana hewa.
- Sambaza mkavu kidogo, yule samaki mdogo wa ziwa Kivu. Ni mwepesi, hushibisha na hurudisha chumvi mwilini, ila uliza kwanza kabla ya kumpika kwenye chungu cha wote, kwa sababu wafugaji wengi wa huko si walaji wa samaki.

Maharagwe yaache. Huchemka kwa saa nyingi, hunywa maji na kumaliza kuni mahali ambapo vyote viwili ni haba.

## Hatua ya 1: Chagua eneo na msimu

Kaskazini mwa Kenya hupata mvua ndefu kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Panga safari yako Januari na Februari, au kati ya Juni na Septemba.

Watu hudhani mvua nyikani ni baraka kwa msafiri, kumbe ndiyo hatari kubwa. Nyayo za ngamia ni pana na laini, zimeumbiwa mchanga. Kwenye tope miguu yake huteleza na kupanuka, na anaweza kuvunjika asiinuke tena. Isitoshe, makorongo makavu ya mchanga, ambayo watu wa kaskazini huyaita laga, hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani mbali nawe, hata kama juu yako mbingu ni nyeupe.

Kwa safari ya kwanza napendekeza upande wa Ngurunit, chini ya milima ya Ndoto, kisha kuteremka taratibu kuelekea uwanda wa Kaisut wanakochunga Warendile. Faida yake ni kwamba unaanza penye miti na maji, na unaingia mahali pakavu baada ya mwili na kundi kuzoeana. Chalbi, ule uwanda wa chumvi ulio kaskazini zaidi ambao zamani ulikuwa ziwa, usiuanze kamwe. Kivuli ni haba, maji ya visima vingi yana ladha ya chumvi, na upepo hauna kizuizi.

Watu wa Goma huvutiwa pia na njia za mawe meusi karibu na ziwa Turkana, kwa kuwa mawe ya volkano tumezaliwa juu yake. Wewe umeyazoea, ngamia hakuyazoea. Mawe makali hukata nyayo zake, na msafara uliotembea kilomita nne kwa saa mchangani hushuka hadi mbili.

Onyo: wizi wa mifugo wa kutumia silaha hutokea katika sehemu kadhaa za Samburu, Marsabit na Turkana, na hali hubadilika kutoka wiki hadi wiki. Ulizia kwa chifu wa eneo na kwa kituo cha polisi kilicho karibu zaidi na njia yako. Jibu la mtu wa Nairobi halitoshi.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye majina ya visima vyote vya njiani, na ukiweza kusema ni kipi kilikuwa na maji wiki hii na aliyekupa habari ni nani.

## Hatua ya 2: Hati, njia na fedha

Beba pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini masharti ya kuvuka mipaka bado hutofautiana, kwa hiyo yathibitishe katika wiki unayosafiri, pamoja na saa za kufunguliwa kwa Grande Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi.

Njia ya kawaida ni Gisenyi, Kigali, Kampala, Nairobi kwa basi. Kutoka Nairobi kuna lami kupitia Nanyuki na Isiolo hadi Laisamis na Marsabit. Kutoka Laisamis kwenda Ngurunit utahitaji gari la kukodi, au nafasi kwenye gari linalopeleka bidhaa.

Saa ya Kenya iko mbele ya saa ya Goma kwa saa moja. Rekebisha saa yako mpakani, maana nyikani kuchelewa kuamka kwa saa moja ni kupoteza robo ya mwendo wa asubuhi.

Badilisha fedha Nairobi au Isiolo na ubebe noti ndogo za shilingi. Noti za dola ziwe mpya na zisizochanika. Usitegemee simu kulipa, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia haina mtandao.

## Hatua ya 3: Mapatano na wenye ngamia

Sisi tunazungumza Kiswahili, na hiyo ni nafuu ambayo watalii wengi hawana. Hata hivyo, usidhani kila mchungaji anakielewa. Wazee wengi wa Kirendile na wa Kisamburu huzungumza lugha yao tu. Tafuta mwongozaji mmoja anayeelewa lugha zote mbili, aliyezaliwa katika eneo hilo hilo na anayejulikana visimani.

Andika mapatano kwa Kiswahili, nakala mbili, na yataje mambo haya:

- bei ya kila ngamia kwa siku na ya kila mchungaji kwa siku;
- nani analisha wachungaji na kwa chakula gani;
- siku za kurudi. Hili husahauliwa na karibu kila mgeni. Safari ikiishia mahali tofauti na ilipoanzia, ngamia watarudi kwao kwa miguu, na wachungaji pia, nazo siku hizo hulipwa. Ugomvi mwingi wa siku ya mwisho huanzia hapa;
- nini kitafanyika ngamia akiugua au kuumia;
- malipo ya awali, ambayo yasizidi nusu.

Kabla ya kukubali, waone wanyama wenyewe. Uliza kama madume wa kubeba wamehasiwa. Dume asiyehasiwa akiwa katika majira ya kutafuta jike hutoa povu mdomoni, hukoroma na kutokeza kaakaa laini kama puto upande wa mdomo. Huyo usimkaribie wala usimkubali katika msafara. Kisha omba matandiko yaondolewe uone migongo. Kidonda kibichi au uvimbe wenye joto ni sababu ya kutosha ya kudai ngamia mwingine, kwa faida yake na yako.

Utajua umefaulu mwongozaji akiweza kukusomea mapatano kwa sauti mbele ya wachungaji, nao wakakubali kila kifungu kwa lugha yao.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya maji

Hapa ndipo safari nyingi hufa, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mtu anayetembea asubuhi na kupumzika mchana katika joto la nyuzi 35 au zaidi anahitaji lita tano hadi sita za kunywa kwa siku. Ongeza lita mbili za kupikia, chai na kunawa mikono. Shika lita nane kwa kila mtu, na usishuke chini ya hapo kwa sababu ya kubana matumizi ya fedha.

Kosa la kawaida ni kuwahesabu wasafiri pekee. Tuseme mko wanne, mwongozaji mmoja na wachungaji watatu. Hao ni watu wanane, na lita 64 kwa siku. Kama kutoka kisima hadi kisima ni mwendo wa siku mbili, ongeza siku ya tatu ya akiba, kwa sababu kisima kinaweza kuwa kimekauka au msafara ukachelewa. Jumla ni lita 192, yaani bidoni 10.

Bidoni moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Ngamia mwenye nguvu anaweza kubeba kilo 100 na hata zaidi, lakini kwa siku tano mfululizo, na kwa ngamia wadogo wa Kirendile, mpe bidoni nne tu, mbili kila upande. Kwa hiyo maji peke yake yanahitaji ngamia watatu, wa tatu akiwa na nafasi ya chakula. Mizigo ya wasafiri inahitaji ngamia mwingine, na wa tano aende mikono mitupu kwa ajili ya mgonjwa. Wageni huambiwa idadi hii wakadhani wanatozwa zaidi, wakapunguza hadi watatu. Ndipo bidoni hubebwa nusunusu na maji kwisha siku ya pili.

Ngamia mwenyewe hayumo katika hesabu hiyo. Joto la mwili wake linaweza kupanda kutoka kiasi cha nyuzi 34 alfajiri hadi kiasi cha 40 alasiri bila yeye kudhurika, hivyo hatoi jasho jingi, nayo nundu yake ni akiba ya mafuta. Siku chache bila kunywa si kitu kwake. Akifikishwa kisimani na kiu, anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mkupuo mmoja.

Ndiyo maana kisimani panahitaji muda na adabu. Visima vina wenyewe na zamu zina mpangilio. Mwache mwongozaji azungumze, subirini zamu yenu, msioge karibu na birika la mifugo, na teka maji ya watu kabla wanyama hawajayachafua. Maji yote ya kisimani yachujwe, kisha yachemshwe au yatiwe dawa.

Onyo: usiweke maji yako yote juu ya ngamia. Ngamia akishtuka na kukimbia, anaondoka na maji. Lita mbili hadi tatu ziwe mgongoni mwako kila wakati, hata kama ngamia wa maji yuko hatua tano mbele.

## Hatua ya 5: Uzoeze mwili

Goma iko juu, kando ya ziwa, na hewa yake ni ya ubaridi. Mwili unahitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea joto kali kikamilifu, na muda huo wengi hawana. Fanya linalowezekana: fika Isiolo au Ngurunit siku tatu kabla ya kuanza, tembea saa moja kila asubuhi na nyingine jioni, na siku mbili za kwanza za msafara ziwe fupi.

Nyumbani, vaa viatu vile vile na mfuko ule ule wenye lita tatu za maji, upande Mont Goma mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Viatu vipya visianzie nyikani.

## Hatua ya 6: Kupakia ngamia

Kazi ya kupakia ni ya wachungaji, lakini msafiri asiyeielewa huiharibu kila asubuhi kwa kuchelewesha mfuko au kuongeza kitu dakika ya mwisho.

Ngamia hulazwa kwanza. Mchungaji huvuta kamba chini taratibu huku akitoa mlio mfupi wa kooni, na mnyama hupiga magoti ya mbele, kisha hukunja miguu ya nyuma, kisha huteremsha kifua hadi pedi yake ngumu ikae mchangani. Mara nyingi hulalamika kwa sauti kubwa. Malalamiko hayo ni ya kawaida, usiogope. Ila anayelalamika kuliko jana mwangalie mgongo.

Juu ya mgongo huwekwa ngozi na mikeka iliyokunjwa, pande zote za nundu, na juu yake miti inayofungwa kwa kamba ikawa kiunzi cha kubebea. Mizigo huinuliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, kulia na kushoto, kisha hufungwa kwa pamoja. Kama upande mmoja una bidoni mbili zilizojaa, na mwingine una bidoni mbili mlizokunywa nusu, matandiko yatahama polepole kuelekea upande mzito, mkeka utajikunja, na kabla ya jua kuwa kali kidonda kitakuwa kimeanza. Kwa hiyo mkinywa, kunyweni kwa zamu kutoka pande zote mbili. Hilo ni jukumu la msafiri, kwa maana ndiye anayeomba maji njiani.

Mambo ya kuchunga wakati huo:

- Usipite nyuma ya ngamia wala karibu na miguu yake. Anaweza kupiga teke kuelekea pande zote.
- Usikunjue kitenge, mwavuli wala mfuko wa plastiki unaopepea karibu naye. Vitu hivi ndivyo huwashtua zaidi.
- Usijifunge kamba ya ngamia mkononi. Ishike tu, ili uweze kuiachia.

Utajua umefaulu msafara ukitembea nusu saa, ukisimama kwa ukaguzi, na mizigo ikaonekana imekaa sawa ukiitazama kutoka nyuma kwa umbali salama.

## Hatua ya 7: Mpangilio wa siku

Amkeni saa kumi alfajiri. Chai na chakula chepesi, kisha kupakia, ambako huchukua kiasi cha saa moja. Ondokeni mara tu njia inapoonekana, kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Tembeeni hadi saa nne, au saa tano kama kuna mawingu, mkisimama dakika kumi kila saa.

Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa mtapata kilomita 15 hadi 18. Hizo zinatosha. Wengi wakifika saa nne wakiwa bado na nguvu husema, twende saa mbili zaidi tupunguze ya kesho. Saa hizo mbili hunywa maji kuliko saa nne zilizotangulia, na zaidi ya hayo humnyang'anya ngamia chakula chake. Ngamia anahitaji kula kwa saa sita hadi nane kila siku, akichuma majani ya migunga na vichaka, na usiku anahitaji kulala na kucheua. Msafara ukisimama saa nne, anapata mchana wote. Ukisimama jioni, hufungwa bomani na njaa. Ngamia anayegoma kuinuka siku ya tatu mara nyingi ni huyu aliyenyimwa malisho siku mbili, na kumpiga fimbo hakumrudishii alichokosa.

Katika mwendo, kunywa kidogo kidogo kila dakika 15 au 20 bila kusubiri kiu. Angalia rangi ya mkojo: ukiwa mweupe wa njano hafifu uko salama, ukiwa wa rangi ya chai, simama, unywe, upumzike. Maji matupu mengi bila chumvi nayo yana madhara, kwa hiyo kila siku chupa moja iwe na mchanganyiko wa chumvi na sukari.

Ukihisi moto mahali pamoja mguuni, sema na usimame papo hapo. Bandika plasta kabla ngozi haijavimba. Lengelenge likishatoka, kila hatua inayofuata inaligharimu kundi zima muda.

## Hatua ya 8: Kumpanda ngamia inapolazimu

Mpande akiwa amelala, mchungaji akiwa ameshika kamba kichwani. Kaa katikati, shika miti ya matandiko kwa mikono yote miwili.

Anapoinuka, hutanguliza miguu ya nyuma, nawe hurushwa mbele kwa nguvu, egemea nyuma. Kisha huinua ya mbele, nawe hurushwa nyuma, jirudishe mbele. Anapolala mpangilio hugeuka: magoti ya mbele hutangulia, kwa hiyo egemea nyuma tangu mwanzo. Usishuke mpaka kifua chake kimegusa chini kabisa. Walioanguka, wengi wao wameanguka wakati huu, wakidhani safari imekwisha.

## Hatua ya 9: Kambi

Chagueni mahali penye mti wa kivuli, nje ya laga. Mchanga laini wa ndani ya korongo huvutia kulala, lakini mafuriko hayabishi hodi.

Mizigo ishushwe mara moja, na matandiko yaondolewe ili mgongo upate hewa. Wachungaji watawafunga ngamia miguu ya mbele kwa kamba fupi na kuwaachia wale. Jioni hurudishwa na kuzungushiwa boma la miiba, kwa sababu ya fisi, na simba katika baadhi ya sehemu.

Kabla ya kuvaa viatu asubuhi, vipige chini utoe nge. Usiku usitembee hatua yoyote bila tochi, wala usiokote kuni gizani, kwa maana nyoka aitwaye kifutu hulala kimya mchangani. Laleni ndani ya chandarua.

Mkipewa maziwa ya ngamia na wenyeji, ni heshima kubwa. Yapokee kwa mikono miwili na uombe kwa upole yachemshwe kwanza. Mabichi yanaweza kubeba homa ya bruselosisi, ambayo hukaa mwilini kwa miezi. Picha za watu na za mifugo zipigwe baada ya kuombwa ruhusa.

## Hatua ya 10: Joto likimwangusha mtu

Mtambue mapema. Anayeumwa kichwa, anayetapika na kulegea huku bado anatoa jasho, mlaze kivulini, mlegeze nguo, mpe maji ya chumvi na sukari kwa mikupuo midogo, na msitembee tena siku hiyo.

Anayezungumza maneno yasiyoeleweka, anayeyumba, au ambaye mwili wake unawaka, yuko katika hatari ya kufa. Mlazeni kivulini, mvueni nguo, mwageni maji mwili mzima na mpepee bila kuacha. Tumieni hata maji ya akiba; akiba iliwekwa kwa ajili ya saa hii. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Wakati huo huo mmoja apande mahali pa juu kutafuta mtandao.

Kwa hiyo namba za dharura ziandikwe kwenye karatasi kabla ya safari. Ni vyema pia kununua uanachama wa uokoaji wa AMREF Flying Doctors, ambao ndege zao huondoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Acha kwa ndugu mmoja Goma ratiba yenye majina ya kambi, na siku ambayo akikosa habari zako apige simu.

## Hatua ya 11: Siku ya mwisho

Kagueni migongo ya ngamia pamoja na mwenye wanyama, kabla ya malipo, ili kidonda kipya kijulikane wakati wote mpo. Lipeni kila mtu mkononi mwake mbele ya mwongozaji, pamoja na siku za kurudi. Bidoni na chakula kilichobaki waachieni wachungaji, ambao bado wana njia ya kwenda.

Pumzika siku moja Marsabit au Isiolo kabla ya basi refu. Ukipata homa katika wiki zinazofuata, nenda hospitali mara moja na umwambie daktari kwamba ulikuwa kaskazini mwa Kenya, kama ulinywa maziwa mabichi, na kama uliumwa na mbu. Hapa Goma vipimo huanza na malaria; bila habari hizo, bruselosisi inaweza kukosa kupimwa kabisa.